Rakaa Nne za Adhuhuri

Mwanangu Hawa,

Nimeandika jina la Mwenyezi Mungu juu ya karatasi, kisha nimekaa muda mrefu bila kupata neno la pili. Alasiri nimeshaswali. Wewe umekwenda Ngagara kumuaga rafiki yako wa shule, na nimekuapisha urudi kabla jua halijazama, kabla askari hawajafunga barabara. Nina saa mbili, labda pungufu. Kwa miaka sita nilikuwa na siku nzima-nzima za kukwambia haya, na sikukwambia.

Mambo ya safari tumeyamaliza. Sanduku limefungwa, karatasi zako umezishonea kwenye pindo la gauni, na mama yako mdogo Tatu atakuwa bandarini Kigoma meli ikifika. Hayo sitayarudia. Haya mengine nikijaribu kuyasema kwa mdomo nitalia, wewe utanishika mabega uniambie "basi, mama, basi," nami nitashukuru na kunyamaza. Imeshatokea hivyo mara nyingi. Karatasi haiwezi kunibembeleza.

Jana tulipokuwa tunakunja nguo, uliniambia jambo kama mtu anayesema kesho atafua mashuka. Ulisema: "Mama, nikifika kwa mama mudogo nitaanzia tena ile saumu. Ile ya kwanza naona haikutimia, niligonjwa katikati." Nilikunja kanga moja mara tatu.

Hawa, najua ni saumu gani. Nimejua tangu siku ya kwanza.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa kwenye darsa la wanawake nyumbani kwa Mwalimu Sefu hapa Buyenzi, yeye upande wake wa pazia, sisi upande wetu. Darsa lilipokwisha, wenzako wakatoka, wewe ukabaki. Mimi nilikuwa barazani natafuta kiatu changu. Nikakusikia unauliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mutu akiua mwenzake na hakukusudia, anafanya nini?" Mwalimu akakujibu kama inavyosemwa kitabuni: amwache huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Hakukuuliza kwa nini unauliza. Labda alidhani ni habari ya vita, maana siku hizo kila mtu alikuwa na maswali ya kuua. Ukasema "asante, Mwalimu," ukatoka, ukanikuta nimeshika kiatu kimoja mkononi. Ukanichekea.

Wiki iliyofuata ukaanza kufunga. Ulipokuwa katika siku zako ulikula ukijificha, ukimaliza unaendelea. Ulikonda mpaka pete ya bibi ikawa inateleza kidoleni. Mimi nilikuamsha ule daku. Nilikupikia uji nikakaa mbele yako gizani nikikutazama unakula, nikijua unafunga kwa ajili ya nani, na sikufungua mdomo. Wiki ya sita ukaanguka kisimani. Muuguzi alipovuta ukope wako wa chini alikuta ndani ni peupe kama karatasi hii. Akaniuliza, "Mama, uyu mutoto hamumupe chakula?" Nikamwambia mtoto wangu ni mcha Mungu sana.

Hilo ndilo nililomjibu.

Sasa unataka kuanza tena, mahali ambapo sitakuwapo kukuokota. Nimebaki na wewe tu. Kwa hiyo nakwambia, na ukimaliza kusoma ujue mwenyewe utanifanya nini.

Nianze na baba yako, kwa sababu ulikuwa mdogo, na mengine hukuyaona. Alipouawa njia ya Rumonge na lori lake, hawakuturudishia hata shati. Wanawake walikuja, wakakaa mkekani siku tatu, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimefundishwa na bibi yangu kuosha maiti tangu sijaolewa, lakini nilikuwa naitwa mara moja moja. Baada ya msiba ule nikawa siitwi, naenda mwenyewe. Nikisikia mwanamke wa Kiislamu amefariki Bwiza, Buyenzi au Nyakabiga, natia kafuri yangu na pamba kwenye mkoba, natoka. Niliwaosha wa homa, wa uzazi, wa bomu la mkono lililorushwa sokoni. Na kila nilipoingia kwenye nyumba ya msiba watu walinipisha. Walinipa kiti. Walisema, "Mama Hawa amekuja," na vilio vikapungua kidogo. Nyumbani nilikuwa mjane mwenye watoto wawili na sufuria tupu. Kule nilikuwa mtu.

Kuna jingine ambalo nimelielewa baadaye sana. Aliyekufa hawezi kukufia tena. Unamgeuza, unamsafisha, unamfunika, na hakuna baya zaidi linaloweza kumpata mikononi mwako. Mgonjwa ndiye anayetisha. Mimi niliogopa wagonjwa, Hawa. Watu wakasema nina imani kubwa kwa sababu siogopi maiti.

Ilikuwa Ramadhani, katika zile siku walizoziita za mji kufa, vijana wanaziba barabara kwa mawe na matairi, maduka hayafunguki, ukitoka umetoka kwa roho yako. Tulikuwa bado tunakaa Bwiza, katika ule uwanja wa nyumba tuliochangia na Mama Espe. Mdogo wako Issa alikuwa na homa siku mbili. Nilikuwa nampa vidonge vya kinini nilivyovunja nusu.

Hiki hukijui. Wewe ulikuwa umekula daku ukalala. Kabla ya adhana ya alfajiri Issa alipatwa na degedege. Macho yalipanda juu, meno yakakaza, mwili wote ukawa kama ubao. Ilidumu muda wa kuhesabu labda mpaka mia. Nilimwekea kitambaa cha maji, ikapita, akalala. Sikukuamsha. Nilikaa kando yake, kisha nikaswali alfajiri, na nilipokuwa kwenye sijda nilijua kabisa kwamba mtoto huyu anatakiwa hospitali asubuhi hiyo hiyo. Nilijua, Hawa. Wewe hukujua. Ulipoamka ulimkuta ndugu yako amelala, mama yako akakwambia ni homa tu.

Saa mbili asubuhi akaja mtoto wa kiume wa mama mmoja mzee wa Nyakabiga, mtu mzima mwenye ndevu, amepita vichochoroni kunitafuta. Mama yake amefariki. Akasema, "Mama Hawa, tunakuomba. Hakuna mwengine."

Nikatazama kwenye mkeka. Nikamtazama yule bwana. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukawa mwepesi. Nilikuwa nimepata sababu ya kutoka katika chumba kile, na sababu yenyewe ilikuwa ya dini.

Mama Espe alikuwa anasukuma maji uani kwa ufagio. Unamkumbuka alivyokuwa, mwanamke wa Uvira, mnene, anauza pombe ya ndizi nyuma ya nyumba na maandazi mbele. Aliniona nafunga mkoba. Akaja mlangoni, akaingiza kichwa, akamshika Issa paji la uso. Wewe ulikuwa umekwenda bombani. Maneno yetu hukuyasikia, na hakuna aliyekusimulia mpaka leo.

Alisema: "Mama Hawa, uyu mutoto iko moto mubaya. Mi nitamubeba mugongoni sasa hivi, niende naye kwa disipanseri. Mi ni mutu wa kigeni, hawa vijana hawana maneno na mi. We nenda kwa maiti yako."

Nikamwambia: "Apana."

"Juu ya nini?"

"Mi nitarudia mbele ya azuhuri. Nitamupeleka mwenyewe."

Akanitazama. Kanga yake ilikuwa inanuka pombe, ile harufu chachu ya mapipa yake. Na mimi nikawaza: mwanangu katika Ramadhani, mgongoni mwa muuza pombe, anapita mbele ya msikiti, watu wanaona. Nimewaza hivyo, kwa maneno hayo hayo. Nilikuwa na mtoto anayewaka moto mbele yangu, nikapima harufu ya kanga.

Mama Espe aliinua mikono, akarudi kwenye maji yake. Wewe ukarudi na ndoo. Nikakwambia: "Umupe maji kidogo-kidogo. Na sala isikupite, nitakuuliza." Kisha nikaondoka.

Ngoja nikukumbushe jambo la nyuma ya hapo, kwa sababu nadhani ndilo lililokushika miguu siku ile. Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa unaswali alasiri karibu na mbabula ya mkaa, uji wa Issa ukafura ukaanza kumwagikia makaa. Ukakata sala, ukaipua sufuria. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikupiga kofi mpaka ukaangukia mtungi. Nikakwambia, "Uji ni wa nani, na sala ni ya nani?" Ukasimama upya, ukaanza takbira huku kamasi zinakutoka. Na Ijumaa ile nikawasimulia wanawake kisa hicho kwa fahari.

Hakuna mwalimu aliyenifundisha vile. Bibi yangu alikuwa akiswali huku amembeba mtoto, akisujudu anamweka chini, akiinuka anambeba. Nilimwona kwa macho yangu. Vile vya kofi nilivitunga mwenyewe, kwa sababu ilinipendeza kuonekana na binti asiyekata sala.

Nyakabiga tulifika baada ya saa nzima ya kujibanza kwenye kuta. Vijana wa kizuizi walituuliza tunakwenda wapi, nikainua mkoba wangu, nikasema naenda kuosha maiti. Wakanipisha. Hata wao walinipisha, na nakiri nililitembeza bega langu kwa maringo.

Ndani nilikuta maji yameshapashwa. Majani ya mkunazi yametwangwa. Sanda imekatwa vipande vitano, imepangwa vizuri kuliko ningeipanga mimi. Palikuwa na wanawake wawili, wake wa watoto wa marehemu, wameshajifunga kanga viunoni. Waliponiona wakarudi nyuma. Mmoja akasema, "Alhamdulillahi, Mama Hawa amekuja, aoshe yeye." Nikawauliza kama wanajua. Wakasema wanajua, walishamwosha shangazi yao.

Pale pale, Hawa, wajibu ulikuwa umeshaniondoka. Hili nililijua tangu utotoni: wakitokea watu wa kuosha, waliobaki hawana dhambi. Maiti yule hakunihitaji. Mwanangu ndiye alikuwa ananihitaji mimi tu, na hakukuwa na mtu wa kusimama badala yangu, kwa sababu aliyejitolea nilikuwa nimemkataa. Ningegeuka kwenye kizingiti kile ningefika nyumbani kabla ya saa sita.

Nikavua viatu, nikaingia, nikasema, "Leteni maji."

Nilimwosha taratibu, mara tano, ya mwisho kwa kafuri. Nilimsuka nywele mikia mitatu. Sijawahi kuosha vizuri kama siku ile. Tulipomaliza risasi zilianza upande wa barabara kubwa, ikabidi tukae chini ya madirisha mpaka alasiri inakaribia. Watu wakasema ni risasi ndizo zilizonichelewesha. Nami nilisema hivyo hivyo kwa miaka yote hii. Lakini zilipolia mimi tayari nilikuwa nimechelewa kwa kupenda kwangu.

Yaliyotokea nyumbani unayajua kuliko mimi. Ulitawadha. Ulitandika mkeka wako kando ya ule wa Issa ili umwone. Ukasimama rakaa nne za adhuhuri. Katika rakaa ya pili akakuita, "Dada." Katika ya tatu akakuita tena. Hukukata. Uliharakisha, uliniambia, ulisoma sura fupi kabisa, na ulipotoa salamu kushoto ukamwona amekakamaa. Ukapiga kelele, Mama Espe akaja mbio, akamtupa mgongoni, akatoka naye katikati ya mji ule uliofungwa. Disipanseri ilikuwa na kufuli. Akaenda kugonga nyumbani kwa muuguzi, mitaa mitatu zaidi. Alipofika, muuguzi alimfungua kanga, akamwangalia, akamfunga tena.

Nilipoingia uani niliwakuta wanawake. Nilijua kabla sijaambiwa, maana hawakunipa kiti. Wewe ulikuwa umekaa chini kwenye ukuta, bado na mtandio wa sala kichwani. Nikakufuata wewe. Nikakuuliza, "Ulikuwa wapi?"

Ukasema, "Nilikuwa mu sala, mama."

Nikasema, "We uko mu sala, mutoto anakufa?"

Watu wote walisikia. Mama Espe alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, kanga yake imelowa mgongoni. Alifungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Niliona neno langu likikuingia. Niliona kabisa mahali lilipoingia. Na katika kifua changu, chini ya kilio, kulikuwa na kitu kidogo kilichotulia, kama mtu aliyeutua mzigo kichwani akamtwika mwenzake. Miaka kumi na tatu ulikuwa nayo. Ulikuwa umefunga, umeshinda na mgonjwa, umefanya kila kitu mama yako alichokuagiza.

Nilimwosha Issa mwenyewe. Uliniletea ndoo, ukasema unataka kunimiminia maji. Nikakwambia toka. Ulidhani sitaki mkono wako umguse. Sikuweza kuvumilia macho yako, hiyo ndiyo kweli. Mikono hii iliyoosha watu wengi kiasi kile haikukumbuka ianze upande gani. Nilianza kushoto, nikakumbuka, nikarudi kulia.

Tangu siku ile nimekuona unavyoswali. Unaswali, unarudia. Unatawadha mara nne kwa sala moja. Ukisikia mtu anaita nje wakati umesimama, unatetemeka mwili mzima, hukati, na ukimaliza unakimbia nje kuona nani amekufa. Watu husema, "Mama Hawa amelea." Nami huinamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Miezi michache baada ya mazishi mtaa ule ulipochomwa tukakimbilia huku Buyenzi, na Mama Espe akaamua kurudi kwao. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari la Uvira. Amebeba sufuria zake na godoro. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaanza kwa kuuliza kitu kingine. Nikamwuliza, "Mama Espe, juu ya nini hukumwambia Hawa?"

Akasema: "Nimwambie nini? Ile maneno ni ya mama yake." Kisha akapanda, akakaa, akatoa kichwa dirishani. "Lakini usikawiye, Mama Hawa. Ule mutoto anakwisha."

Huyo muuza pombe ndiye aliyembeba mwanangu akiwa hai, akambeba akiwa amekufa, akanibebea na siri yangu. Sijui kama yu hai. Ukipata njia ya kuuliza habari za Uvira ukiwa Kigoma, uliza.

Nimekawia miaka sita. Wiki iliyopita, baada ya kuona tiketi yako, nilikwenda kwa Mwalimu Sefu. Nilikaa upande wangu wa pazia, nikamweleza yote, kuanzia degedege la alfajiri. Kisha akasema:

"Yule binti hana kafara. Hakuua. Alikuwa mtoto aliyeswali alivyofundishwa."

Nikamwuliza, "Angekata sala?"

"Angekata. Ilikuwa haki yake, na kwa anayejua ni lazima. Sala inangoja. Inalipwa. Wewe ulimfundisha hivyo?"

Nikasema, "Nilimpiga kofi."

Nikasikia anashusha pumzi. Nikamwuliza habari yangu mimi. Nilikuwa nimeshajiandaa: miezi miwili, miezi minne, mwaka mzima, ningefunga bila kulalamika. Nilikuwa natamani aniambie nifunge. Akasema, "Mama Hawa, Mungu anasamehe haki yake akipenda. Lakini haki ya binti yako anayo binti yako. Kwangu mimi hakuna cha kukupa. Nenda kwake."

Nilirudi nyumbani nikakukuta unapika. Nikaosha mchele.

Sijui nikushauri nini, mwanangu, mtu kama mimi. Nitakwambia tu niliyoyaona kwa kuumia. Nilidhani ibada ni zile zinazoonekana na watu, na nyingine zote zingojee: mtoto angojee, jirani angojee, mwili ungojee. Nikawa nachagua wajibu unaonipendeza, naukimbilia, nikiuacha ule unaonitisha. Na wajibu wote niliouacha ulikuwa na sura ya mtu. Mpaka leo nikiitwa kuosha najiuliza kwanza nakimbia nini. Mara nyingine nakwenda, mara nyingine nasema wapo wengine. Ndiyo yote niliyojifunza, na bei yake unaijua.

Ukiwa kwenye sala mtu akakuita kwa shida, kata. Kata, Hawa, mwendee, urudi uanze. Mungu hatakupiga kofi. Aliyekupiga ni mimi.

Na kuhusu ile saumu, nakuomba, nakuomba kwa maziwa uliyonyonya, usiianze. Damu yako bado ni ndogo. Nimeona unavyoshika ukuta ukiinuka. Unafunga kwa dhambi ambayo si yako. Yangu mimi ndiyo unayoilipa kwa njaa. Kama ipo saumu ya kufunga kwa ajili ya Issa, nitafunga mimi, ingawa Mwalimu amesema haitanitosha. Wewe kula. Kula mbele ya watu, kula ushibe, kula bila kujificha. Nikichukiwa na binti aliyenenepa huko Kigoma, nitashukuru. Nimeogopa chuki yako miaka sita, na kwa kuiogopa nimekaribia kukuua wewe wa pili.

Sikuombi unisamehe katika karatasi hii. Nimewahi kufikiri kukuandikia "nisamehe" na kufunga bahasha, nikaona ni kukutuma kazi nyingine tena. Msamaha ni haki yako. Kaa nayo utakavyo.

Mlango wa uani umelia. Ni wewe, nasikia unavua viatu, unamsalimu jirani.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii chini ya nguo zako, uisome ukiwa katikati ya ziwa na mimi nisikuone uso. Hiyo nayo ingekuwa kukimbia. Nitakupa sasa hivi, mkononi. Soma hapa ukutani kwenye mwanga, mimi nitakaa kwenye kiti hiki. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wasikie. Ukitaka kuniuliza, nitajibu yote. Ukitaka kwenda kulala kwa jirani na kupanda meli asubuhi bila kuniaga, sitakushika nguo.

Wameanza kuadhini maghribi. Sala ina nafasi mpaka isha. Soma taratibu, mwanangu, nakungoja wewe kwanza.

Mama yako